Nusu ya Kisima

Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa jeshi mpaka alipostaafu, na nyumba yake hapa Kilosa bado anaiendesha kama stoo. Vitu vyote viko viwili viwili. Redio mbili, moja inaongea, nyingine imefunikwa kitambaa inasubiri mwenzake afe. Miavuli miwili, pasi mbili, pampu mbili za baiskeli, na baiskeli yenyewe ilishaibiwa zamani. Ukimuuliza anakuambia jeshini ukitaka kitu kimoja unaomba viwili, kwa sababu watakata. Utotoni nililisikia neno "watakata" mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu.

Nilipoolewa alitaja mahari mara mbili ya aliyoitaka. Wakwe zangu ni watu wa ng'ombe, wana heshima zao, wakaleta yote bila kukata hata mkia. Badala ya kufurahi, Baba alinuna wiki nzima. Alikuwa anazunguka uani akisema, "Ningetaja mara nne. Kumbe hawa watu hawakati!" Mama akamwambia akae kimya, majirani watasikia, lakini majirani walishasikia mpaka Masanze.

Nayasema haya kwa sababu mimi, binti yake wa kuzaa, nililipwa mshahara kupigana na tabia hiyo. Mimi ni afisa mipango. Niliwekwa kwenye timu iliyopewa kazi ya kubadilisha namna wizara inayoshughulika na ulinzi inavyopanga mahitaji yake na kuyaombea fedha. Sitaji kikosi wala mkubwa yeyote. Wenyewe wakisoma watajijua, na asiyejijua basi tena.

Mtindo wa zamani ulikuwa mwepesi kuliko kuchemsha chai. Unachukua maombi ya mwaka jana, unabadilisha mwaka, unaongeza kidogo hapa na pale, kisha unazidisha mara mbili kwa sababu watakata. Huko juu nao wanajua umezidisha, kwa hiyo wanakata nusu bila kusoma. Hakuna aliyekuwa anadanganyika, ila hakuna pia aliyekuwa anajua nani anahitaji nini. Mtindo mpya tulioupeleka ulisema anza na kazi. Kikosi chako kinafanya kazi gani? Kazi hiyo inahitaji nini mwaka huu, na miaka miwili inayofuata? Andika hicho kama kilivyo, usizidishe, na wewe wa juu usikate bila sababu.

Rahisi, eti? Thubutu!

Semina ya kwanza tuliifanyia Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni ulioko karibu sana na nyani. Nilisimama mbele na karatasi zangu kubwa za ukutani, nikawaomba makamanda kila mmoja aandike kazi ya kikosi chake na mahitaji yake. Mmoja, mwenye nyota nyingi begani, akamaliza kabla sijakaa. Nikachukua karatasi yake. Kazi: kulinda nchi. Mahitaji: kila kitu. Nikamuuliza, "Afande, kila kitu gani?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, akasema, "Vyote." Wakati huo nyani alishaingia kupitia dirishani akaondoka na sahani ya sambusa, na maafande wote wakanyanyuka kumfukuza kwa ari ambayo sikuwa nimeiona tangu asubuhi.

Aliyebaki kwenye kiti ni meja mmoja, mkuu wa kikosi kidogo kinachotunza maghala upande wa huko huko Mikumi. Mwanaume mrefu, mkavu, mtu wa ratiba mpaka unachoka. Mkono wake ulikuwa bado umefunika karatasi yake. Aliposimama kusoma, wenzake wakarudi vitini wakihema.

"Nusu ya askari wangu wanalinda maghala," akasema. "Nusu nyingine wanawalinda wanaokwenda kuteka maji."

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka, wala hakukaa. Akangoja wamalize, kisha akasema, "Hiyo ndiyo kazi ya kikosi changu."

Kesho yake nikaenda kujionea. Kwanza nikakuta matanki mawili ya maji, makubwa, mazuri, yamepakwa rangi. Nikayagonga. Matupu. Miaka ya nyuma kikosi kiliomba visima viwili na matanki mawili, yakaja matanki. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala kivulini mwake wakicheua bila wasiwasi. Kisha tukashuka mtoni, ni mwendo wa kutosha, na pale nikaonyeshwa foleni. Tembo wanakunywa kwanza. Wakitoka tembo wanaingia ng'ombe wa wafugaji. Wakitoka ng'ombe ndipo linaingia jeshi.

Na huko ndiko nilikokutana na koplo. Alikuwa mpishi mkuu wa kikosi, mama wa makamo mzaliwa wa Kisanga, mnene kiasi, mdomo hauna kufuli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa mkono wa kushoto na kuniomba radhi. Wa kulia haukuwa na nguvu tena, wala haukuwa unapanda juu ya bega. Kiangazi kilichopita alikuwa anapanda kutoka mtoni, sufuria kubwa ya jikoni kichwani imejaa maji, tembo jike mwenye mtoto akamjia. Akatupa sufuria akakimbia, akaangukia mawe. Bega likaungwa hospitalini, lakini halikurudi lilivyokuwa.

"Sufuria je?" nikamuuliza.

"Imekuwa chapati," akasema. "Na chapati nazijua dada, ila za bati sijawahi."

Tangu hapo alikuwa anapikia sufuria ndogo ndogo za kuazima, wali hapa, mboga kule, kikosi kinakula kwa zamu. Na mtoni aliendelea kwenda. Nikamwambia si awatume vijana? Akanishangaa. Hawezi kuwatuma watoto wa wenzake kwa tembo yeye amekaa jikoni anachambua mchele. Lakini alishaambiwa na daktari, na Meja alishaambiwa kwa maandishi: akiumia tena, kazi basi. Kule Kisanga ana watoto wanaosoma kwa mshahara huo na shamba lisilotosha. Alichokuwa anataka duniani ni kimoja tu, kiangazi kijacho maji yamkute jikoni. Nikaapa moyoni kwamba mradi wangu wa kwanza utakuwa huu.

Tukakaa ofisini kwa Meja na fomu mpya. Akaandika: visima virefu, viwili. Nikamwambia, "Afande, unahitaji viwili?"

"Nahitaji kimoja."

"Basi andika kimoja."

"Watakata."

Haki ya Mungu nilitamani kupiga meza. Nimesafiri kutoka makao makuu, nimeliwa sambusa na nyani, halafu nakutana na Baba yangu kavaa magwanda! Nikaanza upya, nikaeleza, nikachora. Nikamwambia mabadiliko yenyewe ndiyo hayo, kwamba atakayesema kweli atasikilizwa. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye goti.

"Unaahidi hawatakata?"

"Naahidi."

Koplo alikuwa ameleta chai, akasimama mlangoni na birika. "Afande, mwandikie kimoja," akasema. "Huyu dada ana hasira, na mtu mwenye hasira hadanganyi vizuri."

Akafuta viwili, akaandika kimoja.

Nikapitia Kilosa kulala kwa Baba. Nikamwamkia, nikamsimulia nikiwa nimejaa furaha. Baba akaweka kikombe chini.

"Mmeomba kimoja?"

"Kimoja."

"Mtapewa nusu."

"Baba, hakuna kitu kinachoitwa nusu ya kisima."

"Kitakuwepo," akasema, akachukua tena chai yake.

Basi. Mwaka mpya wa fedha ukaanza, nami nikawa na shughuli za vikosi vingine. Siku moja simu ikaita, ni Meja.

"Mama, kisima kimekuja."

"Hongera sana, Afande!"

"Nusu."

Nilikaa. Nilikuwa nimeshasimama kwa furaha, nikakaa. Fedha ya kuchimba ilikuja nusu. Wachimbaji wanalipwa kwa mita, kwa hiyo wakaleta mtambo wao, wakachimba mpaka fedha ilipoishia, wakafika kwenye udongo mkavu wa rangi ya tumbaku, wakafungasha wakaondoka. Meja akaandika taarifa, kwa ukweli wake ule ule, kwamba kisima kimefikia nusu ya kina kinachotakiwa. Makao makuu wakasoma "nusu ya lengo", wakaweka kwenye kundi la miradi inayokwenda vizuri.

Niliwaka. Nilikwenda ofisi kwa ofisi kutafuta nani amekata. Wa kwanza akasema walikata huko juu. Wa juu akasema walikata huko chini kabla hakijafika. Mwingine akaniuliza mbona nakasirika, si kila mtu alikatwa? Mkurugenzi wetu hakuwepo, alikuwa safarini, anatoa hotuba kuhusu mabadiliko. Na lazima niseme, alikuwa mtu mwema, mcheshi, na hotuba zake za mabadiliko zilikuwa tamu kuliko zangu. Huyo "wao" sikumpata. Kila mlango ulikuwa unanionyesha mlango wa jirani.

Sasa ngojeni kioja chenyewe. Katika fomu ile kulikuwa na kifungu cha mwisho kabisa, cha uzinduzi: turubai, viti, vipaza sauti, utepe, jiwe lenye maandishi, bomba la kufunguliwa na mgeni rasmi, chakula cha wageni. Kifungu hicho hakikukatwa hata shilingi. Katika utumishi wangu wote sijawahi kuona mtu akikata uzinduzi. Na fedha ya uzinduzi haiwezi kuchimbia, ni kifungu kingine. Isipotumika kabla mwaka wa fedha haujafungwa mwezi wa sita, inarudi hazina, na kikosi kinaandikwa kwamba kimeshindwa kutumia fedha.

Meja akanipigia tena. "Mama, nifanye nini?"

"Afande, huwezi kuzindua shimo!"

"Ratiba imepitishwa," akasema, na kwa sauti ile nikajua atazindua.

Siku ya uzinduzi nikapitia Kilosa, Baba nikamkuta amevaa suti. Alishasikia. Amevaa ile ya akiba, ile nyingine ameiacha kabatini. "Nataka kuiona," akasema. "Miaka yangu yote stoo sijawahi kuona nusu ya kisima." Nikampakia kwenye gari la ofisi bila kusema neno, maana ningesema moja yangetoka kumi.

Kikosi kilikuwa kimependeza. Mawe yamepakwa chokaa, turubai limesimamishwa, askari wamejipanga. Katikati kuna jukwaa dogo la saruji, bomba linang'aa lina utepe, na jiwe lenye jina la mgeni rasmi. Mgeni rasmi mwenyewe ndiye Mkurugenzi wetu, katika suti ya kijivu na viatu vilivyochongoka, anatabasamu kwa kila mtu. Nilimfuata nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mkurugenzi, kisima hakina maji." Akanipiga begani kidogo. "Changamoto ndogo ndogo hazikosekani," akasema. Loh!

Hotuba yake ilikuwa nzuri. Alisema wakati wa kuzidisha umepita, sasa tunapanga kwa ukweli. Nilipiga makofi kwa sababu nilikuwa nimeiandika mimi. Kisha Meja, amenyooka, akasoma kinachofuata kwenye ratiba: mgeni rasmi kufungua bomba. Mkurugenzi akakata utepe, akafungua. Bomba likakohoa. Akafungua zaidi. Akatoka mjusi mdogo, akatutazama wote, akashuka jukwaani akaenda zake. Ratiba ilisema makofi, na askari wakapiga makofi.

Kinachofuata: mgeni rasmi kumtwisha mama ndoo ya maji. Nyote mnaijua desturi hii. Hakuna maji yanayozinduliwa nchi hii bila mkubwa kumtwisha mama ndoo, picha zikapigwa. Na mama aliyepangwa alikuwa koplo. Alisimama mbele katika sare safi, ngata ya kanga kichwani, ndoo mpya chini miguuni. Mkurugenzi, mtu wa watu, akainama akanyanyua ndoo tupu, akacheka, akataka kumwekea.

Koplo akarudi nyuma hatua.

"Samahani, Mheshimiwa. Mimi nimewekwa hapa kutwishwa maji. Ndoo tupu sitwishwi mbele za watu, ni kunidhihaki."

Vipaza sauti vikalia piii. Mkurugenzi akamtazama Meja. Meja akatazama ratiba.

"Imeandikwa ndoo ya maji," akasema Meja.

"Sasa maji yako wapi?" akauliza Mkurugenzi.

"Yapo mtoni, Mheshimiwa," akasema koplo. "Twende."

Angeweza kukataa. Lakini simu za askari zilikuwa zimeinuliwa, na mbele yake mama amesimama na ngata kichwani anamngoja. Akachukua ndoo. Meja akatoa amri, msafara wote ukashuka nyuma yao: mgeni rasmi na ndoo, koplo na ngata, Meja na ratiba, mimi, Baba katika suti ya akiba, na kundi la askari wenye bunduki kwa sababu ndiyo kazi yao.

Tembo walikuwepo. Familia nzima, wamejaa mtoni, wadogo wanagaragara kwenye matope. Ng'ambo ya kichaka ng'ombe wa wafugaji walikuwa wanasubiri zamu, na mama mmoja wa kifugaji na punda wake wenye madumu amekaa chini, anatunga shanga. Mkurugenzi akasimama.

"Hawa wanamaliza saa ngapi?"

Akamwelekezea swali yule mama wa kifugaji. Yule mama akanyanyua macho, akawatazama tembo, akamtazama yeye na ndoo yake.

"Bado," akasema. "Wanaoga."

"Si muwafukuze? Mna silaha."

Koplo akamsogelea. Alinyanyua mkono wa kulia mbele yake, ukapanda, ukafika usawa wa bega, ukagoma. Akauacha hapo hapo. Mkurugenzi akauangalia ule mkono, nikaona anaelewa polepole, na tabasamu lake likapungua. Akaweka ndoo chini, akaikalia.

Tukasubiri. Jua likapanda. Mkurugenzi akavua koti, kisha tai, kisha kimoja cha viatu vyake kutoa mchanga. Na koplo, maskini, ambaye alikuwa na subira kuliko mimi, akauliza kitu ambacho mimi nilikuwa nakitafuta mwaka mzima.

"Mheshimiwa, mimi sijui mambo ya ofisi. Hivi nani huwa anakata?"

"Wanakata huko juu," akasema.

"Nani?"

"Wale wa..." Akaanza kunyoosha kidole, hakukuwa na mlango wa jirani pale, ni tembo tu. Kidole kikarudi. "Mimi," akasema. "Huwa yanakuja marundo. Mimi ndiye huwa nakata."

Mtume! Niliruka. Nilisahau cheo, nilisahau wageni. "Wewe? Wewe uliyesimama saa hii ukasema tupange kwa ukweli? Huyu mtu aliomba kimoja! Nilimlazimisha aandike kimoja!"

"Nilijua mmezidisha. Kila mtu anazidisha!"

"Hatukuzidisha!"

"Sasa ningejuaje?" akafoka naye, na nikaona hasemi kwa kujitetea, anauliza kweli. "Niambie. Niko kule na marundo yangu, wote wanasema wanahitaji. Ningejuaje?"

Baba alikohoa kidogo nyuma yangu, kikohozi cha mtu aliyeshinda kesi, nikamgeukia akaangalia pembeni.

Tembo wakatoka, mmoja mmoja, bila haraka. Mkurugenzi akanyanyuka na ndoo. Meja akamzuia kwa heshima zote. "Bado, Mheshimiwa. Ng'ombe." Tukasubiri ng'ombe.

Zamu yetu ilipofika akaingia mwenyewe, na viatu vyake. Akachota, akaanza kupanda. Alipumzika njiani mara kadhaa. Katikati ya kilima aliteleza, ndoo ikamwagika yote, na askari mmoja akakimbia kuichukua. Koplo akasema, "Mwache." Akarudi chini peke yake, akachota tena. Hapo hakuna aliyecheka, hata Baba.

Juu, mbele ya turubai, alipumua, akainua ndoo, akamtwisha koplo. Ndipo lilipotokea lile ambalo hakuna ratiba iliyolipanga. Mama akitwishwa, hunyanyua mkono akaishika ndoo yake. Koplo akanyanyua wa kulia, ukafika begani, ukagoma. Wa kushoto ulikuwa umeshika sketi ya sare isimkwaze kwenye jukwaa. Ndoo ikayumba. Mkurugenzi akaidaka, na hakuweza kuiachia tena. Wakaenda hivyo hivyo mpaka jikoni, koplo mbele na ndoo kichwani, yeye ubavuni mkono juu, maji yanamwingia kwenye mkono wa shati mpaka kwapani, wanapita mbele ya kikosi kizima. Nilitaka kucheka nikajikuta nalia. Makofi hayakupigwa. Meja alikuwa ameikunja ratiba ameitia mfukoni.

Jikoni, koplo alipomimina maji, Mkurugenzi aliziona zile sufuria ndogo ndogo zilizopangwa, akauliza mbona hivi, akaonyeshwa ile iliyokanyagwa. Ilikuwa imetundikwa ukutani. Chakula cha wageni alikula mwisho.

Wiki iliyofuata akaniita ofisini. "Tuombe nusu iliyobaki," akasema. Kisha akashusha sauti, akaegemea meza. "Ila andika kisima kizima. Ili tukikatwa, tupate hiyo nusu."

Nikamtazama. Akanitazama.

"Tukikatwa na nani, Mkurugenzi?"

Alicheka mpaka akafuta macho. Nikaandika nusu. Nilisimama pale pale wakati anasaini, na nawaambieni kalamu yake nyekundu ilitoka mfukoni yenyewe kwa mazoea, akaiangalia kama mgeni, akairudisha. Tangu mwaka ule, kabla hajagusa maombi ya kikosi chochote, anakwenda kukiona, au ananituma mimi. Marundo yanachelewa, watu wanalalamika, na viatu vyake vyote vimeharibika.

Wachimbaji walirudi kabla kiangazi hakijakaza, wakaendelea pale walipoachia. Siku ya maji kutoka hapakuwa na turubai, maana kifungu cha uzinduzi kilishaliwa. Nilikwenda na Baba. Alipakia kiti cha nyuma kitu kikubwa amekifunga kwenye shuka, nikamuuliza nini, akasema mambo ya watu wazima.

Tulimkuta koplo amesimama mbele ya bomba jikoni kwake, analifungua na kulifunga, analifungua na kulifunga. Mkono wa kushoto. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalikuwa na ladha ya udongo, na alikunywa kana kwamba hajawahi kunywa maji. Aliponiona alilifunga. Akanishika tu mkono.

Kisha akanionyesha boksi. Alikuwa ameomba sufuria kubwa, katika fomu mpya. Aliniuliza wakati wa kuijaza, "Dada, niandike moja kweli?" nami nikamwambia andika moja, na tangu siku hiyo sikuwa nalala vizuri. Sasa ilikuwa imefika. Tukaitoa. Moja, nzima, na mfuniko wake. Koplo aliigeuza chini juu, akapitisha kiganja ndani, akazungusha ukingo wote kwa kidole, akitafuta palipokatwa.

"Haijakatwa," akasema.

"Haijakatwa," nikasema.

Akaiweka chini ya bomba, akafungua, na sote tukasimama kuiangalia inajaa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na lile furushi lake kifuani. Shuka ilikuwa imefunguka upande mmoja, nikaona kinachong'aa ndani. Sufuria kubwa, mpya, na mfuniko. Kumbe alishainunua zamani kwa pensheni yake. Aliangalia ile inayojaa maji, akaangalia aliyoibeba, akaifunika vizuri na shuka.

Njia nzima ya kurudi Kilosa ameipakata. Tulipokaribia nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Sasa hii," akasema taratibu, "naipeleka wapi?"